Njia ya Haile Gerima Inapita Nakuru?

Hoja iliyo mezani ni hii: kijana wa Nakuru anayetaka kutengeneza filamu zake mwenyewe, asiye na kituo cha televisheni wala kampuni kubwa nyuma yake, na ashike njia aliyoipita Haile Gerima.

Kwa wasiomfahamu, Gerima ni Mwethiopia aliyezaliwa Gondar mwaka 1946. Alifika Marekani mwaka 1967 kusomea uigizaji Chicago, baadaye akahamia Los Angeles, akaingia UCLA, na huko akaacha jukwaa akashika kamera. Kuanzia 1975 alifundisha filamu katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Bush Mama, Harvest: 3,000 Years, Ashes and Embers, Sankofa, Teza: zote amezitengeneza nje ya Hollywood, kwa pesa za kuchangisha hapa na pale, na baadhi zilimla miaka mingi. Wamarekani wakihesabu waongozaji wao huru humtaja. Waethiopia nao hawajamwachia mtu.

Wasemaji ni wanne. Nimewatunga mimi, lakini maneno yao utayasikia Nakuru wiki yoyote ukiketi karibu na watu wa kamera, iwe Section 58 au kwenye mkahawa wowote wa Kenyatta Avenue. Yuko Mwalimu, mama mstaafu aliyefundisha drama shuleni miaka mingi. Yuko Mpiga Video, kijana wa harusi na mazishi. Yuko Muuza Muvi, mwenye kibanda cha kupakia filamu kwenye flashi. Na yuko Mwanafunzi, binti wa Egerton kule Njoro, anayeandika skripti usiku wenzake wakilala. Mimi ni mwenye kikao, na sikujizuia kuingilia.

MWALIMU: Acheni nianze, maana nikiwangoja nyinyi chai itapoa. Baba yake Gerima alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza, akizunguka na kikundi chake kuionyesha. Haile alikulia jukwaani kwa baba yake. Sasa niambieni, hilo hapa hatuna? Tamasha la kitaifa la drama limelea vizazi na vizazi vya watoto wetu, na siku hizi shule huleta hata filamu fupi. Kipaji kipo.

Halafu mwangalieni alivyoipiga Harvest. Mwaka 1974 Ethiopia inatikisika, kiti cha mfalme Haile Selassie kinayumba, Gerima anarudi nyumbani likizo na kamera ya milimita 16. Anapiga kwa majuma mawili hivi, picha nyeusi na nyeupe, watu wakisema Kiamhari chao. Familia ya wakulima, shamba si lao, na mwenye shamba ameketi akiwafokea. Basi. Ilitoka mwaka 1976 na mpaka leo inafundishwa vyuoni. Kuanzia Solai mpaka Molo, nani anahitaji kuelezwa habari ya shamba na mwenye shamba? Hadithi iliyoanzia Rongai ilishinda Oscar mwaka 2003, mnajua?

MPIGA VIDEO: Rongai ipi, Mwalimu? Ile ya kule Kajiado?

MWALIMU: Hii yetu. Filamu inaitwa Nowhere in Africa, ya Caroline Link, kutoka kitabu cha Stefanie Zweig. Zweig alikuwa mtoto wa Kiyahudi ambaye wazazi wake walimkimbia Hitler wakaja kukaa mashambani huku. Filamu nzuri, sikatai. Lakini ni ya Wajerumani. Mpishi wao Mkenya yumo ndani, tena anapendeza, ila hadithi si yake. Ndiyo sababu nasema Gerima alipopata likizo ya chuo hakukaa Los Angeles.

MPIGA VIDEO: Kwa heshima zote, Mwalimu, likizo hiyo ndiyo ninayoizungumzia mimi. Mwezi wa Agosti na wa Desemba mimi sina likizo, hiyo ndiyo mavuno. Jumamosi hii niko kwenye ruracio, mahari ya Wakikuyu, kule Bahati, ijayo niko kwenye koito, posa ya Wakalenjin, upande wa Kuresoi, katikati ya wiki kuna mazishi ya kurusha moja kwa moja ili watoto walioko Texas waone. Nikijitolea kupiga filamu yangu Jumamosi tatu, nimekosa kodi ya nyumba na ya studio. Gerima alikuwa na mshahara wa Howard. Mnamwita huru, na mwisho wa mwezi analipwa na chuo!

Na si yeye peke yake. Yuko mama mmoja Mmarekani, Kelly Reichardt, wanamsifu sana. Filamu yake ya kwanza ndefu, River of Grass, ilitoka 1994. Iliyofuata, Old Joy, ilitoka 2006. Miaka kumi na miwili! Naye hufundisha chuo, Bard College. Robert Rodriguez alitengeneza El Mariachi kwa dola elfu saba hivi, na sehemu ya pesa hizo aliipata kwa kujitoa kujaribiwa dawa maabara. Hiyo ndiyo njia mnayotaka nishike? Mimi sina chuo cha kunilipa, na damu yangu bado naitaka.

Hapa niliingilia. Mpiga Video ana haki katika sehemu ya kwanza kuliko anavyojua. Ukisoma maisha ya waongozaji huru wa Marekani, karibu kila mmoja utamkuta na kazi nyingine inayomlisha. Charles Burnett, aliyesoma UCLA pamoja na Gerima na kushika kamera katika Bush Mama, alitengeneza Killer of Sheep mwaka 1977 kama kazi yake ya chuo, akiipiga wikendi, kwa pesa isiyofika dola elfu kumi. Anayengoja kazi ya filamu imlishe ndipo aanze, Marekani asingeanza, na hapa hataanza. Lakini mwenzetu anajidanganya anapodhani harusi ni kitu kingine kando na filamu. Mtu anayeweza kuwafuata wazee ishirini wakijadiliana mahari chini ya hema, mwanga ukibadilika, spika zikivuma, bila nafasi ya kurudia, ana ujuzi ambao vijana wa shule za filamu huulipia.

MWANAFUNZI: Naomba nimrudishe Gerima Addis kidogo, kwa sababu tuna wa kwetu. Judy Kibinge alikuwa mkuu wa ubunifu katika kampuni ya matangazo, McCann-Erickson, Nairobi. Kazi ya heshima na mshahara. Akaiacha. Mwaka 2002 akatoa Dangerous Affair, hadithi ya mapenzi ya watu wa mjini, wakati ambao watu walikuwa wanasema Kenya haina filamu. Kisha mwaka 2013 akatoa Something Necessary. Mliiona?

(Kimya. Muuza Muvi alitikisa kichwa.)

MWANAFUNZI: Ndiyo hapo sasa. Ni hadithi ya Anne, muuguzi. Baada ya uchaguzi wa 2007 genge limevamia shamba lao, mume ameuawa, mtoto ameumizwa, nyumba imeharibiwa, naye ameamua kurudi kuijenga. Upande wa pili kuna Joseph, kijana aliyekuwamo ndani ya genge, na moyo haumtulii. Hakuna filamu inayotuhusu kuliko hiyo. Januari 2008 uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa watu waliofukuzwa makwao. Wengine mpaka leo hawajarudi walikotoka. Lakini filamu ile ilionyeshwa Toronto, ilizunguka matamasha, wakosoaji wakaiandikia. Je, nani ameionyesha Molo? Nani ameionyesha Kuresoi, watu wakae pamoja waitazame, waliochoma na waliochomewa?

MWALIMU: Hilo nalo lina hatari yake, mwanangu. Unawaweka watu hao ukumbi mmoja, taa zimezimwa?

MWANAFUNZI: Ndiyo maana nasema aonyeshe mtu wa hapa anayejua nani aketi wapi. Boniface Mwangi na wenzake walizungusha picha za ghasia zile mitaani kwa Picha Mtaani, watu wakasimama wakatazama, wakalia, wakabishana. Nchi haikuanguka.

MPIGA VIDEO: Na pesa za hiyo Something Necessary zilitoka wapi?

MWANAFUNZI: Ujerumani, sehemu kubwa. Ilitoka katika mradi wa One Fine Day Films, wa Tom Tykwer na Marie Steinmann, pamoja na Ginger Ink ya Nairobi. Mradi huo huo ndio uliotoa Soul Boy, Nairobi Half Life, Kati Kati na Supa Modo.

MPIGA VIDEO: Kumbe basi! Mnamkataa bwana wa Hollywood mnamchukua bwana wa Berlin.

Kelele zilizuka hapa, na sizirudii zote. Msimamo wangu ni kwamba pesa za Wajerumani zilizaa filamu bora kuliko tulizozizaa kwa pesa zetu, na anayeona aibu kulisema hilo hajaitazama Supa Modo. Hata Sankofa ya Gerima haikutoka mfuko mmoja. Ghana, Burkina Faso na Wajerumani wote walitia mkono. Kibinge mwenyewe aliliona tatizo kwa jicho kavu. Badala ya kukaa akingoja mradi mwingine, alianzisha Docubox, mfuko wa kuwawezesha watengeneza filamu za hali halisi wa Afrika Mashariki, na Softie ya Sam Soko, iliyofika Sundance mwaka 2020, ni miongoni mwa kazi ulizozishika mkono. Hayo nayo ni sehemu ya kazi ya mwongozaji huru, tena ngumu, ya kujenga daraja ambalo mwenyewe hukulikuta. Lakini swali la binti wa Egerton halijajibiwa na mfuko wowote. Pesa za kutengeneza hupatikana kwa taabu. Za kuonyesha, Molo na Njoro, ndizo ambazo hakuna hata fomu ya kuziombea.

MUUZA MUVI: Sasa mmefika kwangu. Mimi nimenyamaza kwa sababu najua mnaniita mwizi.

MWALIMU: Hakuna aliyekuita hivyo, baba.

MUUZA MUVI: Mtaniita, ngojeni. Kibanda changu kiko karibu na steji. Mtu anashuka matatu, ananipa flashi na shilingi hamsini, ananiambia nitilie ya vita, au nitilie ya Kikorea. Wengi wanauliza neno moja tu: iko ya DJ Afro? Kama DJ Afro ameitafsiria kwa lugha yetu, anaita shujaa wa Hong Kong kwa majina ya mtaani, wanachukua. Kama ni Kiingereza kitupu, wanaangalia kasha mara mbili. Ndiyo watu wenyewe hao, nawajua kuliko nyinyi. Hawakatai filamu ya Kenya. Haiko! Huyu binti amesema Something Necessary. Mwaka huo wote hakuna aliyeniletea, wala aliyeniambia wapi naweza kununua nakala kumi kwa halali. Ningeuza. Mnakaa na filamu kwenye eksteno mkingoja Toronto, mimi nauza Van Damme.

Na kitu kingine. Mnazungumza habari ya filamu huru kama kitu cha kutoka ng'ambo. Riverwood ilikuwa nini? Watu wa River Road walikuwa wanapiga vichekesho vya Kikuyu kwa kamera ndogo, siku chache tu, wanahariri, wanachoma VCD, wiki ya pili ziko sokoni Nakuru, ziko kwenye matatu ya Nyahururu. Hakuna mzungu, hakuna fomu, hakuna tamasha. Nani aliwaita waongozaji huru?

Hakuna, na hilo ni kosa letu sisi tunaoandika. Nimesoma makala nyingi juu ya sinema ya Kenya zinazoruka kutoka Saikati ya Anne Mungai ya 1992 hadi Nairobi Half Life ya 2012 kana kwamba katikati hapakuwa na kitu, ilhali katikati hapo kulikuwa na watu waliokuwa wakiishi kwa filamu kila siku, jambo ambalo waongozaji waliokwenda matamashani wengi hawakuliweza. Vichekesho vyao vingine vilikuwa vya hovyo, sauti ikipotea, hadithi ikiishia njiani. Lakini walikuwa na kile ambacho Mwanafunzi anakililia: mtazamaji wa Subukia aliipata filamu juma lile lile ilipotoka. Kilichowaua ni kwamba nakala moja ya halali ilizaa hamsini za wizi kabla ya jua kutua.

MPIGA VIDEO: Wizi wenyewe ukifanyika kwenye vibanda kama vya nani?

MUUZA MUVI: Si niliwaambia mtaniita!

Walipotulia, nilimwomba Mwanafunzi aeleze Sankofa ilivyouzwa, maana hapo ndipo hoja hii inasimama au inaanguka. Filamu yenyewe inamhusu Mona, mwanamitindo Mmarekani mweusi anayepigwa picha kwenye ngome ya watumwa pwani ya Ghana, kisha anajikuta amerudishwa nyuma, mtumwa shambani, akipigwa mjeledi. Mwaka 1993 ilishindanishwa katika tamasha la Berlin. Ungedhani baada ya hapo wasambazaji wa Marekani wangepigana kuipata.

MWANAFUNZI: Waliikataa. Wakasema haina soko. Gerima na mkewe, Shirikiana Aina, wakaamua kuwaruka. Walikuwa tayari na kampuni yao ndogo ya usambazaji, Mypheduh Films. Wakakodi ukumbi wa sinema mzima kwa bei ya kukatiana, si asilimia, halafu kila tiketi ikawa yao. Wakaanzia Washington. Kabla ya onyesho walikwenda kwa watu: makanisa, vyama vya walimu, wenye maduka ya vitabu, vikundi vya wanawake. Watu wa mji ndio waliobeba matangazo na kuuza tiketi. Ukumbi ukajaa, wakaongeza wiki, wakaongeza nyingine. Wakaenda mji mwingine, wakafanya vile vile, mji baada ya mji. Pesa za tiketi ndizo zilizowawezesha kununua jengo Georgia Avenue, mkabala na chuo cha Howard, wakafungua duka la vitabu na video lenye jina la filamu. Liko mpaka leo. Mwaka 2019 kodi ya jengo iliwaelemea, wateja wakapiga kelele, baraza la mji likawapa nafuu. Na mwaka 2021 ndipo kampuni ya Ava DuVernay, ARRAY, ilipoirudisha Sankofa, ikasafishwa, ikawekwa Netflix. Miaka ishirini na minane baadaye!

MPIGA VIDEO: Sasa hapo ndipo umeongea lugha yangu. Tupige hesabu. Tuseme ukumbi wa viti mia. Kiingilio mia mbili. Ukijaa ni elfu ishirini. Toa ukumbi, toa spika, toa mabango, toa jenereta kwa sababu stima ikipotea katikati watu watadai pesa zao. Projekta ninayo, najilipa mwenyewe. Nikibaki na nusu nimefanya vizuri, na nusu hiyo ni chini ya ruracio moja.

MWANAFUNZI: Ruracio moja haionyeshwi mara mbili. Filamu utaipeleka Nakuru, Gilgil, Naivasha, Njoro, Molo. Hesabu tena.

MPIGA VIDEO: Kwa ukumbi gani? Odeon imekwenda na Eros imekwenda, wazee wanatusimulia tu.

MWALIMU: Nakuru Players iko. Kumbi za kijamii za kaunti ziko. Na makanisa, mwanangu. Projekta na spika nzuri kuliko zote katika mji huu ziko makanisani, na kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa zimefunikwa kitambaa.

MUUZA MUVI: Pasta hataonyesha filamu ya watu wakibusiana.

MWALIMU: Basi mpelekee isiyo na kubusiana. Nyingine ipeleke Players.

Hapo tukaangukia lile jambo ambalo nilijua tutaliangukia. Kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ambayo mizizi yake ni ya siku za mwisho za mkoloni, huwezi kupiga filamu ya kuonyesha umma bila leseni, wala kuionyesha kabla bodi ya kuainisha filamu haijaipa daraja. Ukitaka flamingo wa Ziwa Nakuru, kuna ada ya kurekodi mbugani. Ukitaka kurusha droni juu ya Menengai, kuna kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

MPIGA VIDEO: Gerima hakuwa na bodi Washington.

MWANAFUNZI: Wanuri Kahiu alikuwa nayo. Alisoma chuo kile kile cha Gerima, UCLA. Filamu yake, Rafiki, ikawa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes, mwaka 2018, na huku nyumbani bodi imekwisha kuipiga marufuku. Akaenda Mahakama Kuu, akapewa siku saba za kuionyesha, Septemba. Watu walipanga foleni Nairobi mpaka kumbi zikajaa.

MWALIMU: Filamu ile mimi nina langu la kusema, na si la kuisifu. Lakini nikatae mwenyewe baada ya kuitazama. Nisikataliwe. Aprili 2025 nilikuwa hapa hapa Nakuru, watoto wa Butere Girls walipokuja shule ya Melvin Jones na mchezo wa Echoes of War. Mahakama ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuonyesha. Mtunzi wao, Cleophas Malala, akakamatwa usiku. Asubuhi wasichana wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka. Nje polisi wanarusha vitoa machozi. Watoto wa sekondari! Nimeongoza michezo tangu nikiwa msichana, na sikutarajia kuona bunduki za moshi kwenye tamasha la drama. Kwa hiyo ukiniambia kijana ashike njia ya Gerima, mimi niliyeianza hoja hii nauliza: Gerima angeipata njia hiyo kama angebaki Addis? Teza yake inamhusu msomi aliyerudi nyumbani akakuta Mengistu na utawala wake wa kijeshi, Dergi. Aliitengeneza mwenyewe akiwa na pasipoti ya kumtoa.

Sikuwa na jibu la haraka kwa Mwalimu, na wengine pia hawakuwa nalo. Ni kweli uhuru wa Gerima ulilindwa na bahari mbili na mshahara wa chuo. Teza ilimchukua zaidi ya miaka kumi, ikashinda tuzo maalumu ya majaji kule Venice mwaka 2008 na farasi wa dhahabu wa tamasha la FESPACO mwaka uliofuata, na pengine nyumbani isingepona miezi kumi. Lakini hoja haikusema kijana aige maisha ya Gerima. Ilisema ashike njia yake, na katika njia ile kipande kinachofaa kubebwa mpaka Nakuru ni kile cha Sankofa: kukodi ukumbi mwenyewe, kuuza tiketi kupitia watu unaowajua, na kushika pesa za mlangoni kwa mkono wako.

Na jambo moja dogo kabla ya kupiga kura, kwa sababu naona vijana wengi wa hapa wanalipuuza. Killer of Sheep ya Burnett ilikaa miaka thelathini bila kuonyeshwa rasmi kwenye majumba ya sinema, mpaka 2007. Haikupigwa marufuku na mtu. Alikuwa ametia nyimbo za watu bila kulipia haki zake. Wewe unayeweka kibao cha Sauti Sol chini ya tukio lako la mwisho, huwezi kuikodishia filamu hiyo ukumbi wala kuiuza kwa Muuza Muvi kwa halali. Tafuta mpiga gitaa wa Bondeni, mwandikiane, mlipe.

MUUZA MUVI: Na mimi je? Mmenimaliza?

MWANAFUNZI: Wewe ndiye duka la Georgia Avenue, baba. Tukionyesha Ijumaa Players, Jumamosi nakuletea faili yenye alama yetu, unauza hamsini, ishirini ni yetu.

MUUZA MUVI: Ikiwa ya Kiswahili, nachukua leo.

Tulipiga kura. Mpiga Video alipinga, Mwanafunzi na Muuza Muvi waliunga mkono, Mwalimu aliunga mkono akisisitiza neno lake juu ya polisi liandikwe, na nimeliandika. Hoja imepita kwa marekebisho: kijana wa Nakuru aishike njia ya Gerima kuanzia mlangoni mwa ukumbi, na kamera ifuate. Kaunti ambayo mji wake ulipata hadhi ya jiji Desemba 2021 inaweza kuwatengea watengeneza filamu jioni moja kwa mwezi katika ukumbi wake wa kijamii bila malipo, na ombi hilo liandikwe na wenye filamu wenyewe. Nawe uliye na filamu iliyolala kwenye eksteno ikingoja tamasha la ng'ambo, peleka bodi ipewe daraja, chagua Ijumaa, ubandike bango.